Saa Tatu ya Ngarambe

Katika miaka ya 1960, mwanahistoria G. C. K. Gwassa alipokuwa akikusanya habari za Vita vya Maji Maji kwa vinywa vya wazee wa Umatumbi na Rufiji, alihadithiwa kwamba siku moja ya mwaka 1904, yapata saa tatu ya asubuhi, jamaa wa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, wakiota jua nje ya nyumba, walimwona akivutwa kwa tumbo, mikono ameinyosha mbele. Wakamshika miguu, naye akalia kuwa wanamuumiza, hata akazama majini. Walilala ukingoni, wajuao kupiga mbizi wakazama wasione kitu, na kesho yake, saa tatu ile ile, akatoka salama salimini, nguo zake kavu, zimefungwa vile vile alivyozifunga jana.

Nguo kavu ni ajabu, lakini kilichonishika mimi ni saa. Msimulizi ameipima siku nzima huko nchi kavu, saa tatu hata saa tatu, ilhali kwa yule aliyekuwa majini, kwa pepo aitwaye Hongo, haikupita hata dakika ya kulegeza fundo la nguo.

Waingereza walipoanza kuonyesha tamthilia ya Doctor Who katika televisheni, tarehe 23 Novemba 1963, habari za msafiri apitaye zama kwa zama, walizaa taifa la wabishi: BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya mwanzo, na wapenzi waliorekodi sauti majumbani mwao wakawa ndio mahafidhi wa yaliyopotea, wakihojiana kwa dhati kama tukio la mwaka huu laafikiana na lile la zamani. Sisi pia tuna hoja zetu za namna hiyo, na nzito kuliko zote yatoka Ngarambe.

Maana Kinjikitile, alipotoka majini, alitangaza kwamba marehemu wote watarudi, nao wako kwa mungu aitwaye Bokero huko Rufiji. Na kwamba Mpogoro, Mkichi na Mmatumbi wote ni watu wa Seyyid Said. Seyyid Said alikuwa amefariki baharini Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Maskati. Yawaje basi mkombozi wa kesho awe sultani wa jana? Wako wasemao kuwa jina lile lilikuwa kivuli cha kuwakusanya wenye makabila mbalimbali, kwa kumbukumbu ya zama zilizotangulia Wadachi na mashamba yao ya pamba ya kulazimishwa. Nami naelemea kwao, kwa kuwa aliyeahidi kurudi kwa wafu wote hana sababu ya kumwacha mfalme nje. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya mwaka 1969, aliyageuza maneno yale yale kuwa mwiba: Kinjeketile wake atambua kuwa kutoka kwa mtawala mmoja na kuwa watoto wa mwingine si uhuru, na hapo shaka yamwingia. Mwandishi alitahadharisha kuwa mtu wake ni wa kubuni, asipimwe kwa yule wa tarehe. Hata hivyo wasomaji hawakuacha kuwapima, mpaka tahajia ya jina, *Kinjikitile* ama *Kinjeketile*, ikawa yaonyesha msemaji amtaja nani.

Liko na suala la mfuatano. Kinjikitile aliwaagiza watu wangoje amri yake, wakizoezwa likinda, yaani mazoezi ya vita, na habari ikienda kwa siri ya njwiywila, sikio kwa sikio. Lakini Wamatumbi walichoka kungoja. Mnamo Julai 1905 waling'oa pamba Nandete, na tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Je, maji, ile dawa yake ya kukinga risasi, yalishindwa, ama vita vilitangulia saa yake? Waliobaki walijibu kuwa miiko ilivunjwa, na jibu hilo nalistahi, kwa kuwa waliolitoa walikuwa wamezika watu wao. Makundi kwa makundi walikuwa wamekwenda Ngarambe kutazamia wazee wao waliokufa, na njiani walichukua fedha za kulipia dawa.