Mwendo na Mwelekeo wa Watu Penye Msongamano: Mafunzo ya Mina

Mtu mzima akitembea kwenye njia tupu huenda kiasi cha mita 1.3 kwa sekunde. Watu wakizidi, mwendo hupungua. Wakiwa wawili katika mita moja ya mraba, kila mmoja bado huchagua hatua yake. Wakiwa wanne au watano, hatua hufupika na mtu hulazimika kumfuata aliye mbele. Wakifika sita au saba, miili hubanana pande zote na mtu hana tena hiari: hubebwa na umati kama chombo kilichokamatwa na mkondo.

Familia zetu nyingi hapa Ghuba huikuta hali hii zinapokwenda Hija, khasa Mina wakati wa kutupa mawe Jamarati.

Kubadilika kwa mwendo

Mmoja akisimama ghafla kuokota kiatu, wa nyuma yake husimama, na wa nyuma yao pia. Kusimama huko hurudi nyuma kama wimbi, ilhali walio mbali hawaoni kitu na wanaendelea kuja. Tarehe 12 Januari 2006, watu wasiopungua 346 walifariki penye mlango wa daraja la Jamarati. Mtaalamu Dirk Helbing na wenzake walizichunguza picha za video za siku ile. Waliona kwamba mwanzo watu walikwenda sawasawa, kisha wakawa wanakwenda na kusimama, na mwisho umati ukawa unasukumwa huku na huku bila ya mpango.

Kubadilika kwa mwelekeo

Penye nafasi, watu wanaopishana hujipanga wenyewe kwa mistari. Nafasi ikiisha, mistari huvunjika na pande mbili huzibana. Tarehe 24 Septemba 2015, makundi ya mahujaji yalikutana Mina kwenye makutano ya barabara ya 204 na 223. Serikali ya Saudia ilitangaza vifo 769. Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi za mahujaji zilipita 2,000.

Aghlabu husemwa kwamba watu "walikanyagana kwa hofu". Ukweli ni kwamba wengi hufa kwa kukosa pumzi, vifua vimebanwa, baadhi yao wakiwa bado wima. Hofu mara nyingi huja baada ya nafasi kwisha.

Ndiyo maana daraja jipya la Jamarati lina ghorofa kadhaa, milango ya kuingilia na ya kutokea imetenganishwa, na watu hupita upande mmoja tu. Makundi nayo hupangiwa saa zao.

La kufanya

- Fuata saa na njia mliyopangiwa, hata kama nyengine inaonekana fupi.
- Usirudi ulikotoka. Ukipitwa na jambo, endelea mpaka utoke, kisha zunguka.
- Kitu kikianguka, kiache.
- Mkianza kwenda na kusimama, hiyo ndiyo dalili ya mapema. Jitoe kidogo kidogo kwa mshazari kuelekea pembeni, bila ya kuukata umati.
- Ukibanwa, weka mikono mbele ya kifua upate nafasi ya kuvuta pumzi, na usishindane na msukumo.
- Kubalianeni mapema pahala pa kukutana, nje ya msongamano, ili asiwepo wa kusimama njiani kumtafuta mwenziwe.
- Wazee na wagonjwa wanaweza kumwakilisha mtu awatupie mawe. Waulizeni wanavyuoni wa msafara wenu.