Kutoka Moduli za Karatasi hadi Kompyuta: Zana za Mwalimu Remera

Tunapozungumzia TEKNOHAMA katika ufundishaji wa Kiswahili, mara nyingi tunaanza na kompyuta. Historia ya Remera, jijini Kigali, inatukumbusha kuanza na mwalimu na lugha anayoifundisha.

Chuo cha Elimu cha Kigali (KIE) kilianzishwa Remera mwaka 1999, miaka mitano baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ili kuandaa walimu wa sekondari ambao nchi iliwahitaji mno. Mwaka 2001 chuo kilianza mafunzo ya masafa kwa walimu waliokuwa tayari kazini bila sifa kamili. Zana kuu ilikuwa moduli za kuchapishwa, zikisaidiwa na vipindi vya ana kwa ana katika vituo vya mikoani. Umeme na intaneti vilikuwa haba vijijini. Karatasi ilisomeka hata kwa taa ya mafuta.

Wakati huohuo, kwingineko Kiswahili kilikuwa kikiingizwa ndani ya mashine. Kamusi ya mtandaoni ilianzia Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1994. Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na amri za Kiswahili. Kazi hiyo iliwalazimu wataalamu kukubaliana kuhusu istilahi, neno kwa neno.

Nchini Rwanda mambo yalichukua mkondo mwingine. Mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka huohuo mpango wa kompyuta ndogo kwa kila mtoto ukaanza. Kompyuta zaidi ya 200,000 zilisambazwa katika miaka iliyofuata, lakini zilikwenda shule za msingi, ilhali walimu wa Kiswahili walikuwa wakiandaliwa kwa ajili ya sekondari. Mashine zilifika, somo letu likabaki na ubao na chaki.

Mwaka 2013 KIE iliunganishwa na vyuo vingine vya umma kuunda Chuo Kikuu cha Rwanda, na baadaye Koleji ya Elimu ikahamia Rukara. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, wanafunzi wengi walifikiwa na redio, chombo kikongwe.

Tunajifunza nini? Moduli za 2001 zilifaa kwa sababu ziliandaliwa kwa mazingira ya msomaji wake, na Jambo OpenOffice ilipatikana kwa sababu watu walikaa wakatafsiri. Hakuna mashine itakayokuja na Kiswahili chetu ikiwa hatukuandika masomo, hatukurekodi matamshi wala kusanifu istilahi. Sheria ya 2017 imetupa haki. Maandalizi ya masomo hayo ni jukumu letu sisi walimu.