Mzio

Mzee wa mwambao alipomwambia mwenyeji wake, "Pweza ni mzio wangu," hakukusudia kwamba anamchukia pweza, bali kwamba kila amlapo mwili humwasha na macho humvimba. Na neno hilo, jirani wa mwiko, ndilo walilolitwaa matabibu wa zama zetu kuyapa jina maradhi ambayo mitaani huitwa aleji.

Lakini mzio hauingii kwa kinywa peke yake. Mtazame mtoto ambaye, kila zulia likung'utwapo, hupiga chafya mfululizo, kisha akaisugua pua kwa kiganja kuelekea juu. Siku chache baadaye mamaye humwita mara tatu asiitike, akaambiwa ni mkaidi, na kusomewa kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Hasha! Sikio hilo halijafa. Baina ya sikio la kati na nyuma ya pua pana mrija mwembamba, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia wa karne ya 16, ambao kwa mtoto ni mfupi tena umelala. Na pua ivimbapo kwa vumbi, mrija nao waweza kuziba, hewa ikakosa njia, majimaji yakatuama nyuma ya kiwambo cha sikio, na sauti zikamfikia kana kwamba zatoka chini ya maji.

Si kila sikio lizibalo asili yake ni mzio, kwani mafua nayo hufanya vivyo hivyo. Walakini mzazi mwenye busara, kabla ya kukemea, humwendea tabibu, akamweleza habari za sikio pamoja na za pua.