Chakula cha Mangaribi: Mlo wa Jioni wa Nyantende na Tumbo Lililopunguzwa

Katika milima ya Bushi, mashariki mwa Kongo, yaani nchi ya Bashi iliyo magharibi na kusini-magharibi mwa Ziwa Kivu, mlo mkuu wa siku umekuwa kwa vizazi vingi mlo wa jioni. Katika Kiswahili cha mji wa Bukavu saa yake huitwa mangaribi, saa ambayo mwanamke wa Nyantende, katika milima hiyo, amekwisha kurudi kutoka shambani au sokoni, ameteka maji na kutua mzigo wa kuni, na giza, ambalo katika nchi zilizo karibu na ikweta huingia kwa ghafla, linamwachia muda mfupi tu wa kulisha nyumba nzima. Anayetazama sufuria ya saa hiyo huona mapishi ya haraka, lakini haraka hiyo ni kazi iliyofanywa siku kadhaa au hata mwezi mzima kabla ya moto kuwashwa: unga uliokwisha kuanikwa na kusagwa, maharagwe yaliyochemshwa tangu asubuhi, samaki waliokaushwa juani, maziwa yaliyoachwa yachachuke. Historia ya mlo wa jioni wa Nyantende ni historia ya akiba hizo, zilizowekwa na nani, na zilizopotea lini. Inastahili kusomwa upya katika wakati huu ambapo mwanadamu mwingine mwenye shughuli nyingi, yule aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, anahitaji jioni sahani ndogo, laini, yenye nguvu na ya kuandaliwa upesi.

Upasuaji wenyewe si wa kale. Mwaka 1966 daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuwatibu wagonjwa wenye unene uliokithiri kwa kuligawa tumbo la chakula na kuunganisha sehemu yake ndogo ya juu moja kwa moja na utumbo. Baadaye ukaja mtindo wa kukata sehemu kubwa ya tumbo hilo na kuacha mfuko mwembamba mfano wa mkono wa shati. Katika mtindo wa kwanza, kama unavyofanywa sasa, mfuko unaobaki huchukua takribani mililita 30 tu, kiasi cha vijiko viwili vikubwa. Ndiyo maana mtu aliyetibiwa hivyo huanza na vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na baada ya wiki kadhaa ndipo hurudi kwenye vyakula vya kawaida kwa vipimo vidogo. Madaktari humtaka atangulize protini, yaani kile kijenzi cha chakula kinachotengeneza nyama ya mwili, kwa kiasi cha gramu 60 au zaidi kwa siku. Humtaka pia atafune taratibu, asinywe maji pamoja na chakula, na atumie maisha yake yote vidonge vya vitamini na madini, kwa sababu mwili wake hauwezi tena kufyonza vya kutosha vitu kama chuma na vitamini B12. Huduma za namna hii zinapatikana leo katika hospitali kubwa za Nairobi, na jijini Dar es Salaam Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, imekuwa ikiwawekea wagonjwa puto ndani ya tumbo, njia isiyohitaji kisu lakini yenye masharti ya chakula yanayofanana.

Muda mrefu kabla ya masharti hayo, jiko la zamani la Bushi lilikuwa na nafaka za mtama na ulezi, lilikuwa na magimbi na ndizi, na baadaye likapokea mazao yaliyotoka Amerika kwa njia ya biashara za bahari, hasa maharagwe, mahindi, viazi vitamu na muhogo. Kilichofuatana na nafaka au mizizi hiyo kiliitwa, na bado kinaitwa, mboga, neno ambalo mashariki mwa Kongo lina maana pana kuliko pwani, kwa kuwa hujumuisha majani, maharagwe, samaki na hata nyama. Kumuuliza mpishi wa Bukavu jioni mboga ni nini ni kumuuliza leo bugali, yaani ugali, italiwa na kitu gani. Sehemu ya thamani zaidi ya akiba ya nyumba ilitoka kwa ng'ombe. Bashi ni wafugaji wa tangu zamani, na ng'ombe aliingia katika mambo mazito kuliko chakula: kwa desturi ya kalinzi, mtu alimtolea mwami, yaani mfalme, au mtemi mdogo ng'ombe ili apate haki ya kudumu ya kulima kipande cha ardhi, na mahari nayo ilihesabiwa kwa ng'ombe. Kwa hiyo kuchinja kulikuwa jambo la nadra, na maziwa ndiyo yaliyokuwa faida ya kila siku, ingawa ng'ombe wa milimani, mdogo wa umbo na mchache wa malisho, hakutoa mengi.

Kutokana na maziwa hayo ndipo likatokea pishi ambalo Bashi wanalitambua kama lao, mashanza. Maziwa huachwa yachachuke yenyewe chomboni, kisha maji yake hutenganishwa na kuchujwa, na kinachobaki ni chembechembe nyeupe, laini, zenye uchachu wa kiasi, ambazo zinaweza kuliwa peke yake kwa mkono au pamoja na bugali au viazi vitamu. Mtazamaji wa karibu ataona mambo mawili ambayo mpishi hahitaji kuelezwa: maji yakishatoka, vijiko vichache vya mashanza hubeba sehemu kubwa ya protini ya kikombe kizima cha maziwa, na chembe hizo hazidai meno yenye nguvu wala moto wa jioni, kwa kuwa kazi yote ilimalizika mapema. Vikongwe na wagonjwa wangeweza kukila chakula hicho bila taabu. Mtaalamu wa lishe ambaye leo anatafuta kitu cha kumpa mtu mwenye tumbo la mililita 30 angekuwa na shida kubuni kitu kilicho bora zaidi.

Ukoloni uliubadilisha mlo huo kwa njia ya ardhi kabla ya kuubadilisha kwa njia ya mbegu. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, chombo kilichopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi, na milima iliyozunguka Bukavu, mji ambao wakati huo uliitwa Costermansville, ikaanza kujaa mashamba ya kahawa, chai na mti wa kwinini. Malisho yalipungua, wanaume wakaajiriwa mashambani, na wanawake wakabaki na kilimo cha chakula pamoja na mazao ya lazima, ambayo miongoni mwake ulikuwamo muhogo, uliosifiwa na watawala kwa sababu hustahimili ukame na hukaa ardhini ukimngoja mwenye njaa. Kwa mwanamke aliyechoka muhogo ulikuwa na fadhila halisi: ukishalowekwa, kuanikwa na kusagwa, unga wake huwa bugali kwa dakika chache tu. Lakini unga huo una protini kidogo mno, takribani sehemu moja au mbili kwa mia, ilhali maharagwe makavu yana zaidi ya ishirini. Bugali ilipoijaza sahani na mboga ikapungua pembeni yake, tumbo lilijaa na mwili ukabaki na njaa.

Bushi iliipa njaa hiyo jina la bwaki. Ni ugonjwa wa mtoto ambaye miguu na uso vinavimba, nywele zinageuka rangi na kunyonyoka, na hamu ya kula inapotea. Katika vitabu vya tiba unaitwa kwashiakori, neno la lugha ya Ga ya Ghana ambalo daktari Cicely Williams alilitangaza kwa ulimwengu katika miaka ya 1930. Bwaki ilienea kiasi kwamba Lwiro, kituo cha utafiti kilichojengwa kaskazini mwa Bukavu na IRSAC, taasisi ya Kibelgiji ya utafiti wa kisayansi iliyoanzishwa mwaka 1947, kilikuja kuwa miongoni mwa mahali ulimwenguni ambapo upungufu wa protini kwa watoto ulichunguzwa kwa muda mrefu zaidi, madaktari wa Kikongo na wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels wakifanya kazi pamoja katika hospitali yake ya watoto. Katika miaka ya 1960 mjini Bukavu kulizaliwa pia Kamati ya Kupambana na Bwaki, na ni jambo la kuheshimiwa kwamba waliounda chombo hicho walichagua kukiita kwa jina ambalo kila mama wa kijijini alilielewa.

Tiba ya njaa hiyo ilipitia jikoni. Karibu na mwaka 1959 samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika walipandikizwa katika Ziwa Kivu, ambalo sehemu zake za katikati hazikuwa na samaki wa kuvuliwa kwa wingi, na samaki hao, sambaza, wanaovuliwa usiku kwa mwanga wa taa, wakawa mboga ya kila siku ya Bukavu na milima yake. Sambaza huliwa mzima, kichwa na mifupa, hivyo protini yake hufuatana na kalisi inayoimarisha mifupa. Akikaushwa hukaa muda mrefu, na akipondwa huwa unga unaoweza kunyunyizwa juu ya chochote. Soya nayo ikaingia kupitia vituo vya lishe, na kutokana nayo ukatengenezwa uji wa masoso, jina lililounganishwa kutokana na mahindi, soya na sorgho, neno la Kifaransa la mtama. Mchanganyiko huo wa nafaka mbili na jamii moja ya kunde ulionekana kuwa na thamani ya kutosha hata ukawa msingi wa majaribio ya kisayansi kwa watoto wachanga wa Miti-Murhesa, yaliyochapishwa mwaka 2012 na Ghislain Bisimwa na wenzake.

Vita vya mwaka 1996 na vya 1998 hadi 2003 vilipora ng'ombe wa Bushi kwa kiasi ambacho milima mingi haijapona hadi leo, na mashanza, ambayo yalikuwa akiba ya kila nyumba yenye ng'ombe, yakawa chakula cha kununuliwa. Nafasi ya ng'ombe ilichukuliwa kwa sehemu na mnyama ambaye hakuna mporaji aliyemhangaikia sana, yaani dende, mnyama mdogo anayefanana na panya asiye na mkia, ambaye hufugwa ndani ya jiko lenyewe, hula majani na maganda yaliyoangushwa na mpishi, huzaana upesi, na ana ukubwa wa mlo mmoja, hivyo nyama yake haihitaji kuhifadhiwa. Katika historia ya mlo wa jioni wa mkoa wa Kivu Kusini, ulimo Bushi, mnyama huyo anastahili ukurasa wake kamili.

Lwiro ndiko yanakokutana mambo mawili yanayoonekana kuwa mbali, njaa ya mtoto na unene wa mtu mzima. Watafiti wakiongozwa na Pacifique Mwene-Batu waliwatafuta watu waliotibiwa huko utotoni, kati ya mwaka 1988 na 2007, kwa utapiamlo mkali, wakawalinganisha na majirani zao wasiougua, na wakakuta kwamba waliougua walikuwa wafupi zaidi na, pamoja na hayo, wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kukusanya mafuta kiunoni na wa kuwa na lile kundi la hitilafu za sukari, mafuta ya damu na shinikizo la damu ambalo hutangulia kisukari na maradhi ya moyo. Mwili uliojifunza kubana matumizi katika umri wa miaka miwili haukusahau. Mtoto wa bwaki anayehamia mjini, akakaa ofisini au kwenye teksi kutwa nzima na kula jioni bugali nyingi kuliko mboga, yumo katika njia ile ile ambayo mwisho wake, kwa wachache wenye uwezo, ni chumba cha upasuaji.

Kwa aliyefika huko, sahani ya mangaribi yabidi igeuzwe: mboga iwe mlo na bugali iwe kionjo. Wengi wamezoea kulikanda tonge na kulimeza karibu bila kulitafuna, na tonge la namna hiyo, lenye kunata, ndilo hasa linalokwama katika tumbo jembamba na kuleta maumivu na kutapika. Hata baada ya miezi mingi kipande chake kinapaswa kuwa kidogo kama punje ya karanga na kutafunwa hadi kiyeyuke. Maharagwe, yaliyochemshwa kwa wingi siku ya mapumziko na kugawanywa, hupashwa moto kwa dakika tano na kupondwa kwa mgongo wa kijiko, maganda yake yakichujwa katika wiki za mwanzo. Na aina zilizoongezwa madini ya chuma, ambazo zimesambazwa Kivu katika miaka ya karibuni, zinamfaa mtu ambaye upungufu wa damu unamwandama, ingawa haziondoi haja ya vidonge vyake. Sambaza wabichi wakichemshwa na nyanya na kitunguu huiva kabla mpishi hajamaliza kuosha vyombo. Sombe, majani ya muhogo, yatwangwe hadi yawe laini kabisa, na mafuta ya mawese yapimwe kwa kijiko kidogo. Masoso yapikwe mepesi bila sukari, kwa kuwa sukari ikishuka utumbo kwa ghafla huleta kizunguzungu, jasho na moyo kwenda mbio. Kasiksi, pombe ya ndizi isiyokosekana katika sherehe za Bushi, inahitaji tahadhari kubwa kuliko vyote, kwani kileo huingia damuni upesi na kwa ukali zaidi kwa mtu ambaye njia ya chakula chake imefupishwa.

Katika mtaa wa Matonge, Brussels, ambako Wakongo wananunua vyakula vya kwao, sombe hupatikana ikiwa imegandishwa na samaki wadogo waliokaushwa huuzwa kwa pakiti, kwa hiyo mzaliwa wa Nyantende anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni anaweza kupata sehemu kubwa ya akiba ambayo mama yake aliiweka kwa mikono. Mashanza itambidi ayatengeneze mwenyewe: maziwa ya lita moja katika chombo safi, kitambaa cha kuchujia yakishachachuka, na mangaribi inayofuata bakuli dogo litakuwa tayari, bila moto.