Watu Wasiokaa Sehemu Moja Wanakataje Bima? Wabarabaig wa Hanang Walishajibu Zamani

Huko Marekani kuna watu wameuza nyumba zao wakahamia kwenye gari lenye kitanda, jiko na choo. Leo wamelala Texas, wiki ijayo wako jimbo lingine. Raha tupu, mpaka siku ya kukata bima. Swali la kwanza la kampuni: unaishi wapi? Bima ya kawaida ya gari la aina hiyo inachukulia kwamba una nyumba mahali na gari ni la likizo tu. Anayeishi humo mwaka mzima anatakiwa kukata bima yake maalum, inayolihesabu gari kama nyumba, na vyombo vilivyomo navyo viingie. Anwani nayo? Wengi wanachagua jimbo kama South Dakota liwe "kwao" kwenye makaratasi.

Sasa usicheke. Swali hilohilo limewatesa watu wa Tanzania kabisa, pale chini ya Mlima Hanang, mkoani Manyara.

BIMA YENYE KWATO

Wabarabaig ni tawi la Wadatoga, wafugaji wa Hanang wenye ndugu zao mpaka Mbulu. Kwa miaka mingi walihama na mifugo kufuata majani, maji na chumvi. Mali yote ilikuwa inatembea kwa miguu, na hatari zilikuwa nyingi: ukame, ndigana, wizi. Mwishoni mwa karne ya 19 sotoka ilipita Afrika Mashariki ikafyeka ng'ombe vibaya mno. Tajiri wa jana akaamka hana kitu.

Ofisi ya bima hakuna, wakala hakuna. Walifanyaje?

Chukua mfano wa mzee mwenye ng'ombe 60. Hawaweki wote kwenye boma moja. Kumi anampa rafiki yake upande wa pili wa tambarare, wengine kwa shemeji, wengine kwa jamaa wa ukoo aliyefilisika. Anayewatunza anakunywa maziwa, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe. Ugonjwa ukiingia kwenye boma la mzee, kuna mbegu imebaki kwingine. Na yule aliyesaidiwa jana anajua kesho ni zamu yake kusaidia. Binti akiolewa, baba anampa ng'ombe wake mwenyewe, kwa hiyo hata mume akiharibikiwa, mama na watoto wana pa kushika.

Hiyo ni bima kamili. Tozo ni yale maziwa unayomwachia mwenzako, na fidia ni ng'ombe anayerudi siku umeanguka. Wairaqw wa Mbulu, ambao ni wakulima na wafugaji, nao walikuwa na mtindo wao wa kuwekeana ng'ombe. Na hakuna aliyeuliza unalala wapi. Waliuliza tu wewe ni wa nani.

NGANO ILIPOINGIA

Bima hii ilikuwa na sharti moja: lazima kuwe na nafasi ya kutawanyika. Miaka ya 1970 nafasi ikaanza kukatwa. Shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye tambarare za Basotu. Yalifika saba, jumla kama ekari 100,000. Palikuwa ndipo penye malisho matamu kuliko yote, ambayo Wabarabaig waliyaita muhajega. Hata makaburi ya wazee wao yalilimwa na trekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu Arusha ikawapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu kwa sehemu kubwa. Kijiji kilishindwa kuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria. Ona hapo: mtu wa kuhama anaulizwa tena karatasi ya anapoishi.

Hasara haikuishia kwenye majani. Bima inafanya kazi pale wewe ukianguka na mwenzako amesimama. Malisho yalipochukuliwa, wote waliumia pamoja. Ng'ombe wa kumpa mwenzako atatoka wapi? Wengi wakahama na mifugo, wengine mpaka Usangu na Morogoro.

KADI NAYO IKAULIZA

Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianzia Igunga mwaka 1996, na Hanang ikawa miongoni mwa wilaya zilizofuata mapema. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, ikatibiwa. Wazo zuri, ila kadi ilifanya kazi kwenye kituo ulichojiandikisha. Aliyehama na ng'ombe aliiacha bima yake nyuma. CHF iliyoboreshwa ya mwaka 2018 ikapanua huduma mpaka ngazi ya mkoa, kisha mwaka 2023 ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Desemba 3 mwaka huohuo, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walifariki, nyumba na mifugo vikasombwa. Jirani hakuweza kumwokoa jirani, maana wote walipigwa. Msaada ulitoka mbali, nchi nzima ikachanga.

Wazee wa Basotu walilijua hilo kabla ya kampuni yoyote ya bima: usimweke anayekulinda kwenye boma moja na wewe. Na bima ya mtu anayehama inatakiwa ihame naye.

Je, wewe ukipata janga leo, ng'ombe wako wako kwa nani? Tiririka hapo chini.