Mwanga Usitoke Juu Sana

Tarehe 12 Julai 1624, mjini Palermo katika kisiwa cha Sicily, kijana wa miaka 25 alimchora bikizee wa miaka tisini na kitu. Tauni ilikuwa imeingia mjini. Kijana huyo alikuwa Anthony van Dyck, mchoraji wa Antwerp ambaye nyota yake ilikuwa inapanda. Bikizee alikuwa Sofonisba Anguissola, mchoraji pia, ila macho yalikuwa yamemwishia.

Van Dyck alitembea na daftari la michoro, ambalo leo liko British Museum, London. Humo alimchora Sofonisba kwa wino, kisha akaandika aliyoyaona. Alikadiria umri wake kuwa miaka 96; watafiti wa leo wanasema kama 92. Akili ilikuwa timamu na mkono hautetemeki. Akiletewa picha, anaisogeza karibu na pua ndipo aone kidogo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hawezi tena kuchora.

Sasa sikia hii. Huku anachorwa, akamwelekeza kijana: usiuweke mwanga juu sana, vivuli vitakuwa vikubwa kwenye makunyanzi. Kwani ni kujipodoa? Labda kidogo. Lakini ni ufundi pia. Mwanga wa juu hujaza kila kunyanzi giza, na mtazamaji akaishia kuona uzee tu. Sofonisba haoni, lakini anajua mwanga unauguzaje uso wake.

Alikuwa amefanya kazi hiyo maisha yake yote. Alizaliwa Cremona, Italia. Mwaka 1555 alichora dada zake wakicheza chesi. Akamchora pia mwalimu wake, Bernardino Campi, akiwa anamchora yeye Sofonisba, na kwenye picha hiyo mwanafunzi anaonekana mkubwa kuliko mwalimu! Mwaka 1559 akaitwa Uhispania, akamfunza Malkia Elisabeth kuchora.

Lakini jina lake halikukaa kwenye kazi zake. Picha yake ya Mfalme Philip II, iliyoko jumba la Prado mjini Madrid, kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa kazi ya mwanamume. Hakuwa peke yake. Wachoraji wanawake wengi walipotezwa hivyo hivyo.

Ndiyo maana ukurasa ule wa daftari una uzito. Picha ya rangi za mafuta ambayo Van Dyck alimchora ipo katika jumba la Knole, Uingereza, na ni nzuri: mtandio mweupe, nguo nyeusi, uso uliochoka ila uko macho. Lakini picha peke yake ingetuachia bikizee mmoja tu. Daftari limetuachia jina, kazi yake, tarehe, na maneno aliyosema akiwa kitini.

Sofonisba alifariki Novemba 1625, mwaka mmoja na miezi baadaye. Van Dyck aliwahi.

Wasanii wetu wazee bado wako nasi. Ukienda kuwapiga picha, beba daftari pia, na uwaulize mwanga uuweke wapi.