Tsavt tanem
Anayejifunza Kiarmenia kwa ajili ya mpenzi huanza na "jan", neno lenye asili ya Kiajemi, maana yake roho, liwekwalo nyuma ya jina: Ani jan. Hilo jepesi, hata muuza matunda wa Yerevan atakuita hivyo. Kazi ipo kwenye "tsavt tanem". "Tsav" ni maumivu. "-T" (huandikwa kwa d) ni "yako", imeganda kwenye nomino kama -o ya mwenzio. "Tanem" ni niyachukue. Maumivu yako niyabebe mimi! Na bibi yake mpenzi atakuambia hivyo akikuongezea chakula tu, wala huumwi. Sisi tuna "pole", ambayo, tukiri, humwachia mgonjwa maumivu yake.